Mikunga Waliofunga

Ukimpelekea Sotir samaki, hakukuuliza umemvua wapi. Alimgeuza mkononi, akamtazama mdomo, akampapasa mgongo, kisha akakwambia yeye mwenyewe. Samaki mwenye mdomo ulioelekea juu, alisema, huyu anaishi karibu na uso wa maji, chakula kinamwangukia tu. Mwenye mdomo kwa chini na ndevu, huyu anachimba matope. Mwembamba amekulia kwenye maji yanayokimbia, na mwenye nundu na ubavu mpana amekaa kwenye matete, hana haraka wala safari. "Mwili ni chakula na nyumba," alikuwa akisema. "Nionyeshe umbo, nikwambie anakula nini na analala wapi." Aliyasema hayo mara nyingi mpaka sisi majirani tukawa tunammalizia.

Mimi ni Velika. Nimekaa mlango wa pili kutoka kwake tangu nilipoolewa hapa Struga, kando ya ziwa, na ukuta wa ua wetu ni mmoja. Watu wakimzungumza Sotir siku hizi husema alikuwa na moyo wa jiwe. Si kweli. Lakini sitampamba pia, maana kupamba si kazi yangu, na aliyoyafanya aliyafanya mbele ya macho yangu.

Kazi yake ilikuwa uzio. Pale mto Drim unapotoka ziwani, wazee walisimamisha nguzo na matete kuvuka maji yote, wakaacha milango yenye vikapu. Miaka ile, kabla mabwawa hayajajengwa huko chini, mikunga walishuka kila vuli kwenda baharini, samaki warefu kama nyoka, wazito, wakaingia vikapuni. Babake Sotir aliulinda uzio ule, kisha ushirika wa wavuvi ukauchukua, na Sotir akabaki palepale kama nguzo mojawapo. Asubuhi alitoa vikapu na kuwagawa mikunga kwenye mapipa.

Wako mikunga wa vichwa vya aina mbili, na mtu wa Struga hahitaji kufundishwa hilo. Wa kichwa chembamba anakula vijidudu vya matopeni, minyoo, konokono wadogo, na nyama yake ni laini. Wa kichwa kipana anakula samaki wenzake na vyura, taya zake zimepanuka kwa kazi hiyo, na nyama yake inataka meno. Ni samaki yuleyule mmoja, mama mmoja, bahari moja, ila chakula ndicho kimewagawa. Sotir aliwapapasa vichwa bila kutazama, huku akipiga soga na wanaume wa ushirika, na hakukosea.

Tatizo ni kwamba nyumba yao yote ilikuwa na mtindo wa kugawa watu namna hiyohiyo. Mama yake, Bibi Fania, ndiye aliyekuwa hodari. Mgeni akiinuka tu kwenda zake, yeye alishampa kichwa chake. Mimi alinipa chembamba, nikashukuru. Kasisi alimpa kipana, ila kwa kunong'ona. Na siku Dafina alipoletwa bibi harusi kutoka vijiji vya mlimani, akaketi mezani akala pilipili za kuokwa, akala pai ya vitunguu, akaomba mkate tena, Bibi Fania aligeuka akasema mbele ya ukoo mzima, "Haya jamani, mwanangu ameoa kichwa kipana."

Watu walicheka. Dafina naye alicheka, akachukua kipande kingine. Alikuwa mwanamke wa mwili, wa sauti, wa kubanja karanga kwa meno. Mungu hakuwapa mtoto. Jina lile la kichwa kipana likawa lake, asubuhi na jioni, likisemwa kwa utani ule ambao ukikasirika unaambiwa huna utani. Sotir hakulisema, lakini hakulikataza. Alikuwa mtu wa kusikia jambo nyumbani kama anasikia mvua.

Sasa niseme habari ya kufunga, maana bila hiyo hutaelewa kosa lake.

Mkunga mkubwa akikaribia safari ya baharini huacha kula. Utumbo wake hunyauka ukabaki kama uzi. Macho yanakua, mgongo unageuka mweusi, tumbo linang'aa kama bati jipya. Na huyo asiyekula ndiye mnono kuliko wote, kwa sababu mafuta ameshayaweka mwilini. Sisi tunasema amefunga. Mkesha wa Krismasi, siku ya mwisho ya mfungo wetu wa siku arobaini, mkunga huokwa juu ya kigae, na ni aibu kumweka mezani ambaye wiki iliyopita alikuwa anameza vyura. Lazima awe amefunga kuliko wewe. Kwa hiyo mtaa mzima ulikwenda kwa Sotir. Alikuchagulia, akapasua mbele yako, akakuonyesha ule utumbo mkavu kwa ncha ya kisu. "Mtazame mtawa," alisema. Ukaenda nyumbani umeridhika.

Mwaka ule, zabibu zikiwa bado juu ya mizabibu, nilimwona Dafina ukutani akimwaga bakuli la supu upande wa paka.

"Hiyo supu unampa nani?"

"Paka."

"Paka huyu ananenepa kumshinda kasisi."

"Acha anenepe, maskini. Babake hakumwachia kitu."

"Na wewe umekula?"

"Mimi nafunga."

"Mfungo upi, mama wee? Zabibu hazijachumwa."

"Nimetangulia. Nikiwangoja nyinyi wenye dhambi mtanichelewesha."

Akacheka, ila alicheka ameshika ukuta. Mkono mwingine ulikuwa juu ya tumbo, si kama mtu mwenye njaa, bali kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Nilimuuliza linauma? Akasema kidogo, likipata chakula tu ndiyo linauma, basi analipumzisha. Nikamwambia twende kwa daktari. Akanitazama muda, kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Velika, jana mama mkwe ameniita binti yangu."

Nikausogelea ukuta.

"Tangu niolewe hajaniita hivyo. Kanitazama nikiwa nimeketi pale, sahani yangu nimeisukuma nikimwambia Sotir nimeshiba, naye mama akasema, binti yangu umetulia siku hizi. Niache kwanza nionje na mimi. Krismasi ikipita nitakula, nitakwenda kwa huyo daktari wako."

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nasema kifo hakihitaji hata kuumbua mtu, kinakaa tu kingoje watu wamalize kusifiana. Nilikasirika, na hasira ilinipeleka kwa Bibi Fania siku ileile. Nilimkuta akichambua maharagwe.

"Bibi, mkweo anaumwa. Hali kitu."

"Anafunga."

"Anampa paka."

"Wivu huo, Velika. Amepungua, amependeza, sasa mnaona vibaya. Miaka yote hii nimemwomba Mungu amfunge mdomo wake. Kumbe ananisikia."

Basi nikaenda kwenye uzio. Sotir alikuwa amesimama majini na buti zake ndefu, wanaume wawili wa ushirika kando yake wakishika pipa.

"Sotir, mkeo hali."

"Najua. Anafunga."

"Hali, nakwambia! Kufunga ni kuacha nyama na jibini. Yeye ameacha hata mkate."

"Velika, umekuja kunifundisha mimi nani anakula na nani hali?" Akainua mkunga kutoka kikapuni, mkubwa, tumbo linang'aa. "Huyu hapa hali tangu kiangazi. Mtazame. Ana kasoro gani? Mafuta tupu."

"Mkeo si mkunga."

"Heri angekuwa. Mkunga hasemi."

Wale wawili wakacheka mpaka pipa likayumba. "Mbwa wewe," nikamwambia Sotir, nikaondoka. Hakukasirika. Sijui kama alinisikia. Miaka yote alipima kwa jicho lile lile moja: asiyekula ni aliyekomaa, ni msafi, yuko tayari. Jicho hilo lilimlisha, na lilimfanya mtu wa maana mtaani, akarudi nalo nyumbani jioni bila kulibadilisha.

Mfungo wenyewe ulipoanza, Dafina akawa na haki mbele ya watu wote. Wanawake kanisani walimtaja. Kasisi alisema laiti wengine wangemwiga. Alivaa shali juu ya shali, na Sotir alilala akiwa amechoka na maji baridi. Nilimuuliza Dafina, usiku, chini ya nguo zote hizo, mumewe hamgusi? Akasema, "Ananigusa. Anasema nimekuwa mwepesi." Akalisema hilo kama sifa. Sikujua nimshike au nimpige kofi. Nilimletea maziwa, akayanywa kunifurahisha, akayatapika nyuma ya banda la kuni, akafukia kwa mguu.

Mume wangu mwaka ule alikuwa ughaibuni akitafuta riziki, kwa hiyo mkesha wa Krismasi nilialikwa kwao. Majani makavu yalitandazwa sakafuni, kukumbuka zizi alimozaliwa Yesu, na juu yake meza ndogo, na juu ya meza maharagwe, kabichi ya siki, njugu, mkate, na mkunga juu ya kigae chake. Tulikuwa wanne. Sotir alivunja mkate kama desturi, kipande cha kwanza cha Mungu, cha pili cha nyumba, kisha mama yake, kisha mkewe. Mchana kutwa alikuwa amepasua mikunga wa mtaa. Kucha zake zilikuwa bado nyeusi.

Dafina aliupokea mkate kwa mikono miwili. Shali likateleza.

Sotir alikuwa amemkabili, na mshumaa ulikuwa kati yao. Niliona uso wake ukisimama. Alimtazama macho, ambayo yalikuwa makubwa mno kwa uso ule. Akatazama taya. Akatazama kifundo cha mkono kinachotoka kwenye mkono wa gauni. Alimtazama kama alivyotazama kila kiumbe kilichopita mikononi mwake, kuanzia mdomo kwenda nyuma, na safari hii akalifikia jibu kwa kuchelewa.

"Dafina," akasema, "leo umekula nini?"

Bibi Fania ndiye aliyejibu. "Mambo ya mfungo hayaulizwi mezani."

"Mama, nyamaza."

Sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo. Akanyoosha mkono juu ya meza, akambonyeza mkewe chini ya mbavu kwa kidole gumba, polepole, vilevile alivyobonyeza tumbo la mkunga kabla ya kisu. Dafina akauma mdomo. Hakulia. Akasema, "Kesho, Sotir. Kesho nitakula."

"Tangu lini?"

"Tangu zabibu."

Akainuka. Akamfunika, akambeba, na mara nilipomwona amembeba bila kukaza hata shingo nikaelewa nilichokuwa nakijua. Lori la ushirika liliwapeleka hospitali, ng'ambo ya milima, kwenye theluji. Bibi Fania alibaki ameketi mbele ya chakula. Mimi ndiye niliyekiondoa.

Madaktari walimpasua wakamfunga tena. Walichokiona kilikuwa kimeshika tumbo lote. Mmoja alimwambia Sotir, bila ukali wowote, kwamba angeletwa wakati wa zabibu pengine wangekata kipande akaishi. Sotir alinieleza haya akifunga kamba za buti. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilitaka apige kelele, avunje kitu. Akaniuliza kama nina chumvi ya kumwazima.

Alimrudisha nyumbani, akamlaza karibu na jiko. Nilikuwa nikienda kumgeuza na kumfuta. Siku moja nilikuwa nafua matambara yake kwenye beseni nikawasikia wakizungumza.

"Sotir."

"Naam."

"Uliniona nikipungua?"

"Nilikuona."

"Ukadhani nini?"

Kuni zilikuwa mbichi, zilikuwa zikitoa povu.

"Nilidhani umekuwa mtu mwema," akasema.

Dafina alitoa sauti ndogo. Kwanza nilidhani ni maumivu, kumbe alikuwa anacheka. "Basi angalau mmoja alinidhania hivyo," akasema, na akageuza uso ukutani, akalala. Aliishi mpaka theluji ilipoanza kulainika.

Mazishini tulimngoja Sotir alie. Watu wetu wanangoja hilo, wanalipima kama unga. Alisimama na kofia mkononi. Wakagawa ngano iliyochemshwa kwa ajili ya roho ya marehemu, Sotir akala yote aliyopewa, akala na ya mtoto wa jirani aliyekataa yake, akafuta mdomo. Ndipo lile neno la moyo wa jiwe lilipoanza. Wengine wakasema kinyozi hajinyoi, na hilo walilisema kwa sauti ya kutosha ili alisikie. Asubuhi yake alikuwa majini.

Mwaka ukapita hivyo. Sina la kueleza juu yake. Aliamka, akatoa vikapu, akarudi. Mama yake alipika, akala. Nilimsalimu ukutani, akaitikia. Nguo za Dafina zilibaki kwenye msumari wake, si kwa sababu aliziweka, bali kwa sababu hakuna mkono ulioinuliwa kuzitoa. Mimi mwenyewe nilichoka kumhurumia, huruma nayo huisha ikikosa pa kushika. Vuli ilipofika mtaa ukaenda tena kwenye uzio, kwa aibu kidogo, kuagiza mikunga waliofunga. Aliwachagua. Aliwapasua. Aliwaonyesha utumbo kwa ncha ya kisu, ila sasa hakusema chochote kuhusu mtawa, na wao hawakumwomba aseme.

Siku ya kwanza ya mfungo niliwapelekea bakuli la maharagwe. Bibi Fania alikuwa ameketi mezani amevaa nyeusi, amejitanda vizuri. Alikuwa amezeeka sana mwaka ule. Nguo zilimpwaya.

"Mwaka huu nafunga kwa maji na mkate mkavu," aliniambia, lakini kwa sauti ya kumfikia mwanawe. "Kwa ajili ya roho ya Dafina. Binti yangu."

Sotir alikuwa akinoa kisu. Akakiweka chini. Akaenda jikoni, nikasikia mafuta yakilia kwenye kikaango. Alirudi na mayai na jibini, vitu ambavyo siku ile hata mlevi wa soko hakuvigusa, akamwekea mama yake mbele.

"Kula."

"Mwanangu, ni mfungo."

"Kula, mama."

"Ni dhambi, Sotir. Mbele ya Velika!"

"Dhambi niandikie mimi. Kula."

Bibi alinitazama. Nilijua anataka niseme neno, na nilikuwa na mdomo wa kulisema. Mwaka mzima nilikuwa nimemchukia mwanamke yule, na sasa nilipopewa nafasi ya kumwona ameshikwa, haikuwa tamu hata kidogo. Lakini sikusema. Sotir akavuta kigoda, akakaa karibu naye goti kwa goti, akamega mkate, akachovya kwenye kiini cha yai, akamshikia mdomoni kama anavyolishwa mtoto mwenye homa. Hakuwa na hasira. Ningeapa kwa mkate ule kwamba hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa ule wa kazini.

Bibi Fania akafungua mdomo. Alitafuna huku machozi yakimshuka, yakachanganyika na yai kidevuni, naye Sotir akampangusa kwa kiganja.

"Meza."

Akameza.

"Fungua nione."

Akafungua. Sotir akainama akachungulia ndani, akaridhika, akachovya kipande kingine. Akamlisha hivyo, tonge kwa tonge, mimi nimesimama na bakuli langu hadi mikono ikafa ganzi. Sahani ilipobaki nusu, bibi akamshika mkono.

"Nimeshiba, mwanangu. Haki ya Mungu nimeshiba."

"Hata yeye alikuwa akiniambia hivyo," Sotir akasema, akamega tena.